Akinyamaza, Ujue Anaondoka

Wafanyabiashara wanamwogopa mteja mkali. Wapenzi wanamwogopa mwenzi mlalamishi. Tafiti za zaidi ya miaka hamsini zinasema tunamwogopa mtu ambaye siye. Mimi somo hili nilifundishwa na fundi wangu wa nguo, halafu likanifuata mpaka nyumbani.

Niliwahi kuwa na fundi cherehani pale Sinza ambaye nilimpenda kama ndugu. Miaka sita mfululizo, kila kitenge nilichonunua Kariakoo kilipita mikononi mwake. Alikuwa anayajua mabega yangu kuliko ninavyoyajua mwenyewe. Nikiingia tu, "Karibu dada, leo tunashona nini?" na soda inaagizwa.

Ikaja sendofu ya binamu yangu. Gauni likatoka limebana kwapani na kiunoni, kiasi kwamba nikiinua mkono nasikia mshono unalia. Nikajitazama kwenye kioo. Fundi amesimama nyuma yangu, futi shingoni, anasubiri neno. Unajua nilisema nini? "Asante fundi, limependeza." Nikalipa hela yote, nikaondoka, na kwenye sherehe nikavaa gauni la zamani. Sikukanyaga tena pale. Hata njia nilibadilisha, nisije nikapita mbele ya kibanda chake.

Mwaka mmoja baadaye tukakutana uso kwa uso kituo cha daladala, Mwenge. "Dada! Nilidhani umehama mji!" Nikajiumauma, nikasingizia kazi. Akaniangalia kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Ni lile gauni, eti?" Sikujibu. "Sasa mbona hukuniambia, dada yangu? Mimi huwa naacha kitambaa ndani ya mshono kwa ajili hiyo hiyo. Kulifumua na kulipanua ni nusu saa tu."

Nusu saa! Miaka sita ya fundi mzuri niliitupa kwa sababu ya kazi ya nusu saa, na kwa sababu niliona aibu kusema.

Wiki hiyo hiyo, ofisini, nilikuwa naandaa kurasa zetu za biashara. Mada: kwa nini wateja wanahama? Nikaanza kuchimba tafiti za wasomi wa biashara, nikidhani nitapata mambo ya bei na matangazo. Nilichokipata kilininyima usingizi, na hakikuhusu duka la mtu yeyote.

KARANGA, TRENI NA MALORI

Habari inaanzia Nigeria, miaka ya 1960. Mchumi mmoja, Albert Hirschman, alikuwa anazunguka nchi mbalimbali kuchunguza miradi ya maendeleo iliyopewa mikopo na Benki ya Dunia. Nigeria akakuta kitendawili. Karanga zilizolimwa kaskazini zilitakiwa kusafiri takriban kilometa 1,300 kwenda bandari za Lagos na Port Harcourt. Mzigo mzito, safari ndefu: hapo ndipo treni inapotakiwa kumshinda kila mtu. Lakini malori yalikuwa yanaichukua biashara, na shirika la reli lilizidi kuzembea.

Wengi tumefundishwa kwamba ushindani unamwamsha aliyelala. Ukiona wateja wako wanakwenda kwa jirani, utajirekebisha. Hirschman akaona kinyume chake. Wale wafanyabiashara wenye uchungu, ambao wangekwenda kugonga meza ya meneja wa reli, ndio hao hao waliopata lori wakaondoka. Waliobaki ni wasio na pa kwenda au wasiojali. Na kwa kuwa shirika lilikuwa la umma, hasara haikuliuma sana, maana hazina ya serikali ipo. Reli ikabaki katika utulivu mzuri kabisa. Hakuna anayelalamika! Utulivu ule ulikuwa ni ugonjwa.

Mwaka 1970 akaandika kitabu, Exit, Voice, and Loyalty. Hoja yake ni nyepesi kiasi kwamba unashangaa hukuiwaza mwenyewe. Mtu asiporidhika ana njia mbili: kuondoka, au kusema. Kinachomfanya aseme kabla hajaondoka ni uaminifu, yaani yale mapenzi aliyonayo kwa duka, shule, chama au nchi yake. Akatoa na mfano wa shule. Wazazi wanaojali sana elimu, shule ya umma ikiyumba, ndio wa kwanza kuwahamishia watoto shule za kulipia. Kwa hiyo shule inawapoteza watu wale wale ambao wangesimama kwenye kikao cha wazazi na kuwasha moto. Jamani, hiyo si mitaa yetu kabisa?

Sasa angalia lile gauni langu. Niliona nimemfanyia fundi ustaarabu. Kumbe nilimnyang'anya nafasi ya kujua kosa lake, kisha nikamwadhibu kwa kutolijua.

MTEJA MKALI NI MALI

Siku hizi kuondoka ni rahisi kuliko enzi za Hirschman. Hapa Tanzania, tangu Machi 2017, unaweza kuhama mtandao wa simu na namba yako ile ile. Saluni zimejaa, migahawa imejaa. Nani ana muda wa kulalamika?

Ndiyo maana mwaka 1987 watafiti wawili, Claes Fornell na Birger Wernerfelt, walitoa pendekezo lililowashangaza mameneja wengi. Walichukua hoja ya Hirschman wakaipigia hesabu, wakaonyesha kwamba mara nyingi kampuni inafaidika ikiwahamasisha wateja wasioridhika walalamike kwa wingi zaidi. Ndiyo, kwa wingi! Gharama ya kumsikiliza na kumfidia mteja mwenye hasira inaweza kurudi, kwa sababu unaokoa fedha ambazo ungetumia kwenye matangazo ya kumtafuta mteja mpya wa kuziba nafasi yake.

Lakini kusikiliza nako kuna namna zake. Mwaka 1998, Stephen Tax na wenzake wawili walichunguza jinsi wateja waliolalamika wanavyopima majibu wanayopewa. Wakakuta watu wanatazama haki za aina tatu. Kwanza, nimepata nini: hela imerudi, nguo imerekebishwa? Pili, nimepitia njia gani: nimezungushwa madirisha mangapi? Tatu, nimetendewaje kama binadamu: ameniangalia usoni, ameomba radhi, ameniamini? Unaweza kurudishiwa hela yako yote na bado ukaapa hurudi, kwa sababu yule dada wa kaunta alikurushia kama mtu anayemtupia kuku mahindi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili lishike kwa ajili ya baadaye. Watafiti wa biashara kwa muda mrefu wamezungumzia maajabu fulani: mteja aliyekosewa, akarekebishiwa vizuri, anaweza kuridhika zaidi hata ya alivyokuwa kabla ya kosa. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani dawa ni kukosea makusudi! Subiri kwanza. James Maxham na Richard Netemeyer waliwafuatilia wateja wa benki kwa muda na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Kosa la kwanza likirekebishwa vizuri, maajabu yale yanaweza kutokea. Kosa la pili, hata likirekebishwa vizuri, hayatokei tena. Mteja anaanza kujiuliza kama hiyo ndiyo tabia yako.

MTU ALIYELIPELEKA SWALI CHUMBANI

Mpaka hapo nilikuwa naandika makala ya biashara, raha mustarehe. Kisha nikakutana na jina la Caryl Rusbult.

Rusbult alikuwa mwanasaikolojia Mmarekani. Mwaka 1982, yeye na wenzake Isabella Zembrodt na Lawanna Gunn waliichukua hoja ya yule mchumi wa reli wakaipeleka kwa wapenzi. Waliuliza hivi: mtu asiporidhika na mwenzi wake, anafanya nini? Wakapata majibu manne.

La kwanza ni kuondoka: kuachana, kuhama chumba, kutishia talaka. La pili ni kusema: kulizungumza tatizo, kutafuta ushauri, kubadilika au kumwomba mwenzako abadilike. La tatu ni kuvumilia: kukaa kimya ukiamini mambo yatanyooka yenyewe. La nne, ambalo Hirschman hakuliorodhesha, ni kutelekeza. Hapa mtu hajaondoka, yupo, mnakula sahani moja, lakini ameacha uhusiano ujifie. Anapunguza muda wa kukaa nawe, anakwepa mazungumzo, anakasirikia vitu visivyohusika. Sisi tunaita kususa.

Wakagundua pia nani anachagua njia gani. Mtu aliyekuwa na furaha kabla ya tatizo, na aliyewekeza mengi katika uhusiano, huelekea kusema au kuvumilia. Kwa maana nyingine, yule anayekupigia kelele kuhusu taulo lililoachwa kitandani bado ana kitu anachokitetea. Ni sawa na mteja anayerudi na gauni mkononi: hajaenda kwa fundi mwingine, amekuja kwako!

SUBIRA ISIYOONEKANA

Hapa najua wasomaji wangu wa kike mtanikatiza. Kwenye kicheni pati tulizokaa, somo letu kubwa lilikuwa lipi? Vumilia. Mume ni kama mtoto, vumilia. Nyumba ni siri, vumilia. Na vijana wa kiume nao wanaambiwa mwanaume halalamiki.

Rusbult alilirudia suala hili mwaka 1995, akiwa na Stephen Drigotas na Gregory Whitney. Walitaka kujua kwa nini uvumilivu, jambo linalosifiwa hivyo, hauleti matunda kama kusema kunavyoleta. Jibu lao lilinifanya niweke kalamu chini: aghalabu mwenzako haoni kwamba unavumilia. Wewe unajiona umebeba gunia kichwani. Yeye anaona mtu ametulia. Wewe unaandika deni, yeye hajui kama kuna daftari.

Fundi wangu alidhani nimehama mji.

Na mwaka 1986, katika utafiti mwingine na wenzake wawili, Rusbult alikuta kwamba kinachotofautisha wapenzi wenye afya na wenye matatizo si wingi wa mazuri wanayotendeana. Ni uchache wa mabaya wanayojibizana wakati wa tatizo: vitisho vya kuondoka na ile hali ya kutelekezana. Zawadi ya siku ya wapendanao haifuti miezi mitatu ya kununa.

NYUMBANI KWANGU

Sasa niseme lililonikuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwaka wa kwanza wa ndoa, mume wangu alikuwa bingwa wa kulalamika. Wiki ya kupeleka kurasa kiwandani nilikuwa narudi saa nne usiku, simu mkononi, nakula huku najibu meseji. "Mke wangu," aliwahi kuniambia, "hiyo simu nayo tuipakulie?" Tulicheka. Baadaye hatukucheka. Tulikuwa tunagombana kila mwisho wa mwezi, kama watu wenye ratiba.

Halafu, taratibu, malalamiko yakapungua. Nikirudi namkuta ameshakula, anaangalia mpira. "Za kazi?" "Nzuri." "Haya." Mimi na akili zangu timamu nikawaambia mashosti zangu: jamani, siku hizi mume wangu ametulia, ameshanielewa. Mtu niliyesomea mawasiliano chuo kikuu! Mganga hajigangi.

Usiku ule baada ya kusoma habari za Rusbult, nilizima simu nikakaa karibu naye. Mpira ulikuwa unaendelea.

"Kuna kitu ulikuwa unakilalamikia zamani," nikasema. "Siku hizi hukisemi."

Akapunguza sauti ya televisheni, lakini hakunitazama. "Nilisema, mama. Mara ya kwanza ukaniambia ndiyo kazi. Mara ya pili ukaniambia nina wivu. Mara ya tatu ukasema tutaongea." Akanyamaza. "Nikaona nakusumbua. Nimeshazoea."

"Umezoea nini?"

"Kuishi peke yangu humu ndani."

Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na bahasha. Ndani kulikuwa na barua ya kuomba uhamisho kwenda tawi la Mwanza. Ameshaichapa, ameshaisaini, hajaipeleka. Tarehe iliyoandikwa juu ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki tatu nimelala kitanda kimoja na barua ile ikiwa kwenye droo, nami nawaambia watu ametulia.

Wahenga walishasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Sikujua kwamba inanihusu.

Sitakudanganya kwamba tulikumbatiana na muziki ukapigwa. Nililia, naye akakasirika kwamba nalia, kwa sababu sasa ilibidi anibembeleze wakati aliyekosewa ni yeye. Tulikaa mpaka saa nane usiku. Nikazikumbuka zile haki tatu za wateja, nikaona zote nilimnyima. Kwanza, hakupata alichokiomba. Pili, alizungushwa: "tutaongea" ni dirisha namba nne. Tatu, na hili ndilo lililomuuma zaidi, alipoleta shida yake niliigeuza kuwa kasoro yake. Wivu! Mteja amekuja na gauni linalobana, nami namwambia amenenepa.

KUONDOKA NAKO KUNA MAHALI PAKE

Nisieleweke vibaya. Hirschman mwenyewe alikuwa mtu aliyejua thamani ya kuondoka. Alizaliwa Berlin mwaka 1915, akakimbia Ujerumani mwaka 1933, na mwaka 1940 alikuwa Marseille, Ufaransa, akisaidia wakimbizi kutoroka. Hakuna aliyemwambia Hitler "naomba tuzungumze" akafanikiwa. Kama ukisema unajibiwa kwa kofi, au vitisho, au kunyimwa hela ya kula, hapo usitafute maneno mazuri zaidi. Tafuta usalama wako, na watu wa kukusaidia kuupata.

Lakini wengi wetu hatuishi na madikteta. Tunaishi na watu wa kawaida wanaoshona vibaya siku moja moja, na wameacha kitambaa ndani ya mshono.

JARIBU HAYA

Kwa wewe mwenye biashara na wewe mwenye mpenzi, kwa sababu nimeshindwa kuwatenganisha:

1. Usiulize "kila kitu sawa?" Swali hilo lina jibu moja tu, na wote tunalijua. Uliza, "Ni kitu gani kimoja ungependa nikibadilishe?" Kisha funga mdomo.

2. Malalamiko yakija, usijitetee kwa dakika mbili za mwanzo. Yarudie kwa maneno yako, uone kama umeelewa. Ukianza na "lakini wewe pia", umemfundisha asirudi.

3. Kama hutaweza kubadilisha jambo, sema hivyo na ueleze sababu. "Tutaongea" bila siku na saa ni njia ya adabu ya kumfukuza mtu.

4. Ukishaahidi, chunga mara ya pili. Kosa la kwanza lina msamaha mtamu. La pili linaitwa tabia.

5. Na wewe mvumilivu: sema mapema, kosa likiwa bado la nusu saa. Sema kuhusu gauni, usiseme kuhusu fundi. "Limebana kwapani" linarekebishika. "Wewe hujui kazi" halina pa kushika.

6. Fuatilia aliyeacha kulalamika. Dukani kwako, mpigie mteja ambaye humwoni siku hizi. Nyumbani, jiulize ni lini mara ya mwisho mwenzako aligombana nawe kuhusu kitu anachokijali. Kama hukumbuki, usishangilie kwanza.

BARUA NA GAUNI

Mwezi uliofuata kurasa zilichelewa tena, kama kawaida. Nilikuwa na hofu ya kosa la pili kuliko nilivyowahi kumwogopa bosi. Nikampigia saa kumi jioni, nikamwambia ukweli: leo ni saa nne, si kwamba nimesahau, na kesho asubuhi natoka nyumbani saa nne ili tunywe chai pamoja. Akasema sawa, kwa sauti ambayo haikuwa sawa sana. Asubuhi, katikati ya chai, simu yangu ikaita nami nikanyoosha mkono.

"Mke wangu," akasema, "hiyo simu nayo tuimiminie chai?"

Sijawahi kufurahi kusemwa kama siku ile. Niliigeuza simu kifudifudi. Barua ya Mwanza bado ipo. Hajaichana, nami sijamwomba aichane. Siku zote ataweza kuondoka, na mimi pia. Nimeona ni heri kuliko kujidanganya kwamba hatuwezi.

Jumamosi nilikwenda Sinza na gauni kwenye mfuko. Fundi akalipokea, akaligeuza ndani nje, akanionyesha: kweli, kitambaa kilikuwepo, upana wa vidole viwili kila upande. "Sema sasa, dada," akaniambia huku akichukua wembe wa kufumulia, "linabana wapi na wapi?"

Nikamwambia pote.